Kiti cha Magurudumu Matano

Mama aliteleza kwenye ngazi za nyumba yake ya Mombasa akishuka kumfungulia mlango muuza samaki, akavunjika nyonga. Alipasuliwa hukohuko, akatiwa chuma, na siku ya kuruhusiwa hospitali ndipo tulipotambua kwamba hana pa kwenda. Nyumba yake ni ya zamani, ngazi zake za mbao zimesimama kama ukuta, na vyumba vyote vya kulala viko juu. Kaka yangu naye yuko Mombasa, lakini anakaa ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Mimi tu ndiye niliyekuwa na nyumba ya chini. Basi tukamleta Nairobi.

Naishi Woodley, kwenye zile nyumba za zamani za baraza la jiji, nyumba ya mawe yenye ua mdogo na mfereji nje. Nafanya kazi katika duka la vitambaa katikati ya jiji, natoka asubuhi narudi jioni. Mume wangu alifariki zamani, na wanangu wana nyumba zao. Mchana Mama alikuwa akiangaliwa na jirani yangu, mwanamke wa makamo kutoka Kakamega ambaye hushona sare za shule nyumbani kwake. Hakuna aliyemwomba. Alikuja siku ya kwanza kumpa Mama pole, akaona ninavyohangaika, akasema, "Dada, wewe nenda kazini. Cherehani yangu naweza kuileta hapa." Na kweli akaileta, akaiweka karibu na dirisha letu.

Madaktari wa Mombasa walikuwa wametuambia kwamba baada ya wiki chache Mama angeanza kusimama kwa kushikiliwa, kisha angetembea. Wiki zikapita, miezi ikaingia. Kila nilipomwambia, "Mama, tujaribu leo," alikuwa na jibu. Leo kichwa kinamgonga. Leo baridi ya Nairobi imemwingia mifupani. Leo ni Ijumaa, acha asome Kurani yake kwa utulivu. Asubuhi nilimbeba kutoka kitandani hadi bafuni, na kutoka bafuni hadi kwenye kochi, mikono yake imenizunguka shingoni. Alikuwa mtu wa maneno, Mama yangu, mtu ambaye hakuna muuza vitu aliyepita mlangoni pake bila kuulizwa habari za kwao. Sasa alikaa kwenye kochi tangu asubuhi mpaka jioni akitazama jirani anavyoshona, na hata kumuuliza shati ni la shule gani hakumuuliza.

Mgongo wangu ndio ulioanza kukataa. Siku moja nilishindwa kunyanyuka kutoka kitandani mwangu mwenyewe, nikampigia kaka simu nikilia.

"Mnunulie kiti cha magurudumu," akaniambia. "Usijivunje na wewe tukawa na wagonjwa wawili."

Vipya nilivyoviona madukani vilinishinda bei. Nikaingia kwenye kundi moja la mtandaoni ambako watu wa Nairobi huuziana vitu vilivyotumika: makochi, friji, vitanda vya watoto, viatu. Nilitafuta siku kadhaa bila kupata, mpaka asubuhi moja nikiwa dukani, kabla wateja hawajaanza kuingia, likatokea tangazo: *Kiti cha magurudumu. Kimetumika kidogo tu. Hali safi kabisa. Kiko Westlands.* Picha ilikuwa moja, imepigwa kwa karibu. Nikaona mgongo mweusi mrefu wenye sponji, nikaona sehemu mbili za kuwekea mikono, nikaona kipande cha kukalia. Hapo picha ilikatika. Sikuhitaji kuona zaidi, kwa sababu nilichokuwa nakitafuta nilikuwa nimeshakiona kichwani.

Nikamwandikia mwenye tangazo. Nikamuuliza kama magurudumu yanazunguka vizuri.

"Vizuri sana," akajibu. "Mimi huteleza nayo ofisi yote."

Niliposoma hivyo nikaingiwa na huruma. Nikamfikiria huyu mtu, kijana pengine, anakwenda kazini kila siku katika hali ile, hakubali kushindwa. Nikaona haya kumuuliza zaidi. Labda amepata kingine bora, nikajiambia, ndiyo maana anauza hiki.

Yeye ndiye akauliza, "Ni yako ama ni ya mtu?"

"Ni ya mama yangu."

"Anafanyia kazi nyumbani?"

Swali lilinishangaza kidogo, lakini nikaandika, "Hapana, siku hizi yuko nyumbani tu, anakaa siku nzima."

"Basi itamsaidia sana mgongo," akaandika. "Mwambie asiwe anainama."

Nikamshukuru kwa ushauri. Nikamtumia pesa kwa simu, akaniahidi kwamba Jumamosi kitafika.

Jioni ile nilimwambia Mama. Nilikaa kwenye ukingo wa kochi nikamweleza kwa furaha: kwamba tutaweza kutoka uani aote jua, kwamba jirani ataweza kumpeleka hadi barabarani aone watu. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono ndani ya leso yake.

"Sawa mwanangu," akasema. "Ukiona kinafaa."

Kisha akaniomba nimlaze, na saa ya kulala ilikuwa bado. Nilidhani amechoka.

Jumamosi nilikuwa nyumbani kuanzia mchana. Jirani naye alikuwepo, anamalizia vifungo. Boda boda ikasimama getini, nami nikatoka haraka kumfungulia. Kiti kilikuwa kimefungwa nyuma ya pikipiki kwa kamba za mpira, kichwa chini miguu juu, na kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa magurudumu. Yalikuwa madogo kama ndimu. Matano, yamepangwa mfano wa nyota, yakizunguka yenyewe kwa upepo.

"Kuna kingine?" nikamuuliza mwenye pikipiki.

"Ni hicho tu, mathee," akasema. Akakifungua, akakisimamisha chini, akaondoka.

Nilibaki nimesimama nacho. Kilikuwa kiti cha ofisi, cha kuzunguka, cha mtu wa kompyuta. Na hata kwa kiti cha ofisi hakikuwa na ile hali safi niliyoahidiwa: mkono mmoja ulikuwa umezungushiwa selotepu, na nilipokikalia kujaribu, kikaanza kushuka chini polepole, taratibu, mpaka magoti yangu yakawa karibu na kidevu.

Jirani akatoka, akanitazama nikiwa pale chini.

"Dada," akasema kwa upole, "hii si ya mgonjwa."

"Naona."

"Hii ni ya manija."

Tukakibeba ndani. Mama alikuwa kwenye kochi, amejifunika leso mpaka kifuani, na uso wake ulikuwa umejiandaa. Sina neno jingine. Ulikuwa uso wa mtu anayengojea sindano. Akakitazama kiti. Akatazama magurudumu yake, akatazama ile selotepu, kisha akanitazama mimi.

"Ndicho hiki?" akauliza.

"Ndicho, Mama."

"Mnataka nianze kazi?"

Jirani ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Kisha Mama akacheka, akacheka mpaka akashika ubavu, mpaka machozi yakamtoka, na alipotaka kusema neno kicheko kikamrudia upya. Sikuwa nimesikia sauti ile tangu aanguke. Lakini mimi siku hiyo sikuweza kucheka. Nilikuwa nimetapeliwa, mgongo unaniuma, na kesho yake ningembeba tena. Jirani akaenda kwake kuangalia sufuria yake ya maharagwe, nami nikatoka uani nikampigia yule mtu simu.

"Umenitumia kiti cha ofisi," nikamwambia.

"Aah, madam, imefika? Poa."

"Poa nini? Mimi nilinunua kiti cha magurudumu!"

"Sasa madam, si hiyo iko na magurudumu? Hesabu. Iko na tano."

"Kiti cha mgonjwa! Cha mtu asiyeweza kutembea!"

"Ngai," akasema. "Wewe si uliniambia mama yako hukaa tu siku yote? Mimi nikajua ni mambo ya kompyuta."

"Ana miaka sabini na nane!"

"Sasa mimi ningejuaje miaka, madam?"

Nikamuuliza habari ya selotepu, nikamuuliza habari ya kushuka. Akasema hiyo ni kitu kidogo, fundi yeyote atarekebisha. Nikamwambia nataka pesa zangu. Akasema vitu za mtumba hazirudishwi, ofisi yenyewe ameifunga, vitu vyote vimeuzwa, na mimi nilikuwa na nafasi ya kuuliza. Nikamwambia maneno ambayo hayakumstahili mtu wa umri wangu. Simu ikakatika, na sijui ni nani aliyeikata.

Nikaingia ndani.

Kiti kilikuwa upande wa pili wa chumba, kimegota kwenye kabati la vyombo. Na Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule. Hakushika kochi, hakushika ukuta. Leso yake ilikuwa chini. Mikono alikuwa ameinyoosha mbele kidogo, vidole wazi, kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Niliitia simu mfukoni bila kumwondolea macho.

"Mama, usisogee."

"Sisogei," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimesimama."

Nikapiga hatua kumwendea.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza."

Nikasimama. Tukawa tumetazamana hivyo, yeye kule na mimi mlangoni. Nilikuwa nautazama mguu wake wa kushoto, ule wenye chuma, nikingojea upinde. Haukupinda. Ulikuwa unatetemeka ndani ya gauni, lakini ulikuwa chini pamoja na mwenzake, unabeba. Nilimwona akiegemea kidogo upande ule, kwa makusudi, kama anavyojaribu mtu ubao kabla ya kuukanyaga.

"Hauumi," akasema. "Unavuta, lakini hauumi."

Ndipo nikamfikia nikamkumbatia kiunoni, tukarudi kwenye kochi kwa hatua ndogo ndogo, tukaanguka pale sote wawili.

Alinieleza. Alitaka tu kukigusa kile kiti. Kilikuwa kimemchekesha, akataka kuona kinavyozunguka. Akaegemea mkono wake juu yake ili asogee mbele ya kochi, na kiti kikakimbia, kikamvuta hatua mbili tatu. Akaona anakwenda kifudifudi, akajikaza kujiokoa, na alipofumbua macho akajikuta wima.

"Kwa nini hukutaka kusimama siku zote hizi, Mama?"

Aliusugua ule mguu wenye chuma. Kisha akaniambia mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Kule hospitali alisikia wauguzi wakizungumza juu ya misumari na vyuma, na tangu siku ile akaamini kwamba akiukanyagia mguu, chuma kitachomoka na kutokeza nje ya nyama. Kila nilipomwambia tujaribu, alikiona kinachomoka. Na nilipomletea habari ya kiti, alilala akilia, kwa sababu dada yake mkubwa naye alikalishwa kwenye kiti kama hicho akaambiwa ni kwa muda tu.

"Alikaa humo mpaka siku tuliyomtoa kwenda kumwosha," Mama akasema. "Ungeniletea kile cha kweli, mwanangu, nisingeshuka. Najijua. Ningekaa tu nikuridhishe."

Nilimwokotea leso yake nikamfunika miguu.

Jumapili yote nilikuwa na hofu nyingine. Je, ikiwa ameuharibu mguu na maumivu yako njiani? Jumatatu nikaomba ruhusa dukani, nikaita teksi, jirani akanisaidia kumpakia, tukampeleka hospitali upande wa Barabara ya Ngong. Akapigwa eksirei. Tulingoja kwenye benchi, na Mama alikuwa ameshika kidole changu kimoja tu, kidole gumba, akikibana kila mlango ulipofunguliwa.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito. Aliibandika picha kwenye taa, akaitazama, akamgeukia Mama.

"Mfupa umeunga vizuri. Chuma kiko mahali pake. Ulikuwa unangoja nini, Mama?"

"Kwa hiyo hakichomoki?" Mama akauliza.

"Nini hakichomoki?"

"Chuma."

Daktari hakucheka, na kwa hilo namwombea heri mpaka leo. Alivuta kiti chake karibu, akamwonyesha Mama kwenye picha pale chuma kilipoingia, akamwonyesha misumari mmoja mmoja, akamwonyesha jinsi mfupa ulivyoota ukaikumbatia. "Hata ukicheza chakacha, hakichomoki," akasema.

Mama aliiangalia ile picha kwa muda mrefu. Nilimsikia akishusha pumzi, pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka pamoja nayo. Mimi nilitoka nikasimama kwenye korido nikauegemea ukuta. Watu walikuwa wanapita na makaratasi yao. Nililia pale kidogo, kilio chepesi, cha mtu aliyetua mzigo wa kichwani.

Tuliazimwa fremu ya kutembelea, ya miguu minne isiyo na gurudumu hata moja, na Mama akapangiwa mazoezi. Siku ileile alitembea kutoka teksi hadi mlangoni kwetu. Alichukua muda mrefu hata dereva akazima gari akashuka kutazama.

Jioni simu yangu ikalia. Alikuwa yule mtu wa kiti.

"Madam, tafadhali usikate," akasema. "Nimeonyesha mke wangu zile meseji zetu. Amenigombeza vibaya sana. Ameniambia, wewe, mtu anauguza mamake, unamwambia ahesabu magurudumu?" Akakohoa. "Nitakuja kuchukua hiyo kiti. Naishi Waithaka, hapo ni njia yangu. Na pesa nakurudishia sahii."

Kabla sijaamua la kumjibu, ujumbe wa pesa ukaingia.

Alikuja siku mbili baadaye. Nilikuwa nimemtarajia tapeli, mtu wa miwani myeusi. Akaingia mwanamume mrefu aliyeinama mlangoni, amevaa sweta lililoliwa kwenye viwiko, na ameshika mfuko wa machungwa. Alikuwa na biashara ya kuwatafutia watu tiketi za safari, akaniambia, ikaanguka, na alikuwa amemaliza mwezi mzima kuuza meza na viti vyake kimoja kimoja. Macho yake hayakuniangalia. Alikuwa na wasiwasi kwamba nitamwandika vibaya kule kwenye kundi, na bado alikuwa na meza mbili za kuuza.

Mama alikuwa kwenye kochi, fremu yake mbele. "Wewe ndiye mwenye kiti?" akamuuliza.

"Ni mimi, Mama. Nisamehe. Sikujua ni mambo ya ugonjwa."

"Kaa chini kwanza. Wazazi wako wako hai?"

Na akaanza. Kwao ni wapi, watoto wangapi, mke ni wa wapi, biashara ilianguka vipi, na ile meza anayoiuza ni mbao gani. Nilikuwa jikoni nakata mkate wa sinia, kisu mkononi, nikasimama kusikiliza. Huyo ndiye Mama yangu. Nilikuwa nimesahau jinsi maswali yake yanavyofuatana. Yule bwana naye akalegea, akanywa chai vikombe viwili, na Mama alipomweleza jinsi kiti kilivyomkimbia, akaweka kikombe chini akashika kichwa.

"Ungeanguka, Mama!"

"Ningeanguka," Mama akakubali. "Ndiyo maana nataka ukiondoe. Kila nikikiona moyo unanienda mbio."

Yule bwana akainuka kwa haraka akakibeba, akakitia nyuma ya gari lake dogo, magurudumu yakitokeza nje ya buti. Alipokuwa anaondoka aliniambia pale getini, "Madam, mimi nilikuwa nakuja hapa nikijua nitatukanwa." Nikamwambia sikuwa na tusi lililobaki, nilikuwa nimeyamaliza yote kwenye simu. Tukacheka.

Siku nyingine, mvua za masika zilipokuwa zimeanza, nilirudi kutoka mjini nikakuta mlango wa nyumba uko wazi na ndani hamna mtu. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Fremu ilikuwa imesimama karibu na kochi, peke yake. Niliita, nikatazama bafuni, nikatazama nyuma ya nyumba. Nje palikuwa na utelezi, udongo wote umekuwa sabuni. Nilitoka mbio bila kufunga mlango, nikaenda kwa jirani, nimeshaona kila kitu akilini, ambulensi na yote.

Walikuwa jikoni kwake. Jirani alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mrenda uliobaki, na Mama alikuwa amesimama mbele ya jiko, mkono mmoja umeshika meza na mwingine umeshika mwiko, anaonja.

"Hii mboga yenu inateleza," alikuwa anamwambia jirani. "Ukitia tui la nazi itatulia."

"Mama, mrenda hautiwi nazi!" jirani akalalamika.

"Nani amekataza?"

Niliketi kizingitini nikavua viatu vyangu vilivyojaa tope. Mama akageuka akaniona.

"Umelowa," akasema. "Kuna maji ya moto kwenye chupa. Nawa mikono, uje uonje unitetee."